Maoni: Tunda ijishonee vitabu vyake yenyewe

Kaye ya kikundi cha akiba hufa kwa njia ambayo wakaaji wengi wa Maniema wanaijua. Kwanza pini mbili za katikati zinashika kutu kwa sababu ya unyevu. Kisha karatasi ya katikati inatoka. Baadaye inatoka nyingine, halafu ganda linakatika, na mwisho mwandishi wa kikundi anafunga mabaki kwa kamba na kuyatia ndani ya mfuko wa plastiki. Siku ya kugawana akiba, mama mmoja anasema alilipa mwezi wa tatu. Mwandishi anasema hakulipa. Karatasi ya mwezi wa tatu haipo. Je, ilianguka yenyewe, ama kuna mkono ulioitoa? Hakuna anayeweza kujua, na undugu wa miaka mingi unavunjika kwa sababu ya karatasi moja.

Mambo ni yale yale kwa kaye ya mkunga anayeandika watoto waliozaliwa, kwa kaye ya shefu wa kijiji anayeandika mipaka ya mashamba, kwa kaye ya kanisa ama ya msikiti inayoandika ndoa. Watu wanaandika. Shida ni kwamba kile wanachoandikia hakidumu.

Dawa ya shida hiyo si ghali na haihitaji umeme. Ni sindano, uzi, karatasi, na ufundi mmoja wa kushona vitabu ambao ulizaliwa humu humu Afrika: mshono wa Kikopti. Pahali kama Tunda, katika wilaya ya Kibombo, ndipo ufundi huo ungepaswa kufundishwa kwanza.

Kwa nini Tunda

Tunda si kijiji kisichojua kitabu. Misioni ya Wamethodisti ilijengwa huko miaka ya 1920, na pamoja nayo zilikuja shule na hospitali. Leo Tunda ni eneo la afya lenye jina lake katika jimbo la Maniema. Eneo la afya ni kazi ya maandishi kila siku: wagonjwa wanaoingia, dawa zinazotoka, watoto wanaochanjwa, akina mama wanaozaa.

Lakini Tunda iko mbali na maduka. Kila kaye na kila rejista inafika kwa njia ndefu, kutoka Kindu ama kutoka gari la moshi linalopita Kibombo, kisha kwa pikipiki ama kwa kinga, katika barabara ambayo mvua inaikata. Rejista ikiisha kabla nyingine haijafika, mtu anaandika juu ya karatasi zinazolegea, na karatasi zinazolegea zinapotea. Kwa hiyo mkaaji wa Tunda analipa mara mbili. Analipa bei ya kaye pamoja na safari yake, kisha analipa hasara ya kaye hiyo kuvunjika.

Karatasi tupu ni rahisi kusafirisha kuliko rejista nzito zilizokwisha kufungwa, na pakiti moja inaweza kukatwa na kushonwa kwa kipimo kinachotakiwa. Kinachokosekana ni mikono inayojua kushona.

Mshono wa hapa Afrika

Wakopti ni Wakristo wa Misri. Katika karne za kwanza baada ya Kristo, Misri ilikuwa moja ya inchi ambamo watu waliacha polepole kuandika kwenye vitabu vya kukunja kama mkeka, wakaanza kukunja karatasi za mafunjo ama ngozi na kuzifunga pamoja upande mmoja. Mwaka wa 1945, wakulima karibu na mji wa Nag Hammadi, kusini ya Misri, walikuta ndani ya mtungi vitabu 13 vya karne ya nne vyenye maganda ya ngozi. Vingi kati yao vilikuwa kikunjo kimoja tu kikubwa. Baadaye mafundi wa Misri walizoea kushona vikunjo vingi, kimoja juu ya kingine, kwa uzi unaojifunga kama mnyororo. Huo ndio mshono unaoitwa leo wa Kikopti.

Ufundi huo haukubaki Misri. Ethiopia waliushika, na hadi leo kuna mafundi huko wanaoshona vitabu vya ngozi kati ya mbao mbili kwa mshono wa mnyororo. Vitabu vya mkono vya Waislamu navyo vilishonwa kwa namna ya mnyororo. Kwenye pwani ya Waswahili, mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulijulikana katika karne ya 18 na ya 19 kwa kunakili Kurani na kuzifunga. Uislamu uliofika Kasongo na Nyangwe kutoka pwani ulifika pamoja na vitabu.

Kama mtu anauliza kama mshono huo unadumu, jibu liko London. Maktaba ya taifa ya Uingereza ilinunua mwaka wa 2012, kwa pauni milioni 9, kitabu kidogo cha Injili ya Yohana kilichoandikwa kaskazini ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 8. Kimeshonwa kwa namna ile ile ya Kikopti, na ufungaji wake ni ule wa kwanza. Miaka 1.300 imepita na uzi bado unashika.

Namna ya kufanya

Mtu asiogope jina. Kazi yenyewe inaweza kueleweka na mtoto wa miaka kumi na miwili.

Karatasi nne za kawaida zinawekwa pamoja na kukunjwa katikati. Hicho ni kikunjo kimoja, chenye kurasa 16. Vikunjo kumi vinafanya kitabu cha kurasa 160. Hesabu ni nyepesi: pakiti moja ya karatasi 500 inatoa vitabu 12, na karatasi 20 zinabaki kwa mwanafunzi kufanyia mazoezi.

Kisha vinatobolewa vitundu vitano kwenye mkunjo wa kila kikunjo. Hapa ndipo wanaoanza wanakosea. Wanatoboa kwa macho, na vitundu vya kikunjo kimoja haviangaliani na vya kingine. Fundi anakata kipande kirefu cha kartoni, anatia alama tano, na kila kikunjo kinatobolewa kwa kipimo hicho kimoja. Anatia pia alama ndogo ya kalamu juu ya kila kikunjo, ili kisije kushonwa kichwa chini.

Maganda mawili yanakatwa katika kartoni ngumu, makubwa kidogo kuliko karatasi. Makartoni yaliyoleta dawa yanafaa kabisa. Kama kartoni ni nyepesi, zinabandikwa mbili ama tatu pamoja kwa uji wa muhogo. Wafungaji wa Nag Hammadi walifanya karibu hivyo: ndani ya maganda yao ya ngozi walijaza karatasi kuukuu, barua na hati za hesabu zilizokwisha kazi. Juu ya kartoni kinaweza kubandikwa kipande cha kitenge.

Uzi uwe na nguvu: uzi wa kushonea gunia za mchele, ama uzi wa nyavu, ukipakwa nta ya nyuki ili usiteleze na usijikunje. Kwa kitabu cha kipimo hicho, mita tatu zinatosha.

Sindano inaanza ndani ya kikunjo cha kwanza. Inatoka inje kwa tundu la kwanza, inapita katika tundu la ganda, inazunguka, inarudi ndani ya tundu lile lile, kisha inaenda kwa tundu linalofuata. Ikifika tundu la mwisho, kikunjo cha pili kinawekwa juu ya cha kwanza na sindano inapanda humo. Kuanzia hapo kanuni ni moja tu: kila mara sindano inapotoka inje, inapita kwanza nyuma ya uzi wa kikunjo cha chini, ndipo inarudi kwa tundu ilimotoka. Hivyo kila kikunjo kinamshika mwenzake. Kwenye mgongo wa kitabu inaonekana mistari mitano ya mnyororo, mizuri kama nywele zilizosukwa. Kikunjo cha mwisho kinafungwa pamoja na ganda la pili, na uzi unapigwa fundo ndani.

Jambo gumu ni mkono wenyewe. Uzi ukivutwa sana unapasua karatasi. Ukiachwa mlegevu, kitabu kinayumba. Unavutwa polepole kwa kufuata mgongo wa kitabu, kuelekea upande ambao sindano inaenda, siyo kwa kuurudisha nyuma. Kitabu cha kwanza kinaweza kula nusu ya siku na kutoka kimepinda. Cha tatu kinasimama sawa. Na kitabu kilichoshonwa hivyo kinafunguka na kulala wazi juu ya meza, bila kushikiliwa kwa mkono. Kwa mkunga anayeandika huku mkono mwingine una kazi, hilo si jambo dogo.

Kitabu kinachojilinda

Kuna faida moja ambayo inapita zote, nayo inahusu uaminifu.

Katika kitabu kilichoshonwa kwa vikunjo, karatasi ni mbili mbili. Karatasi iliyo mwanzoni mwa kikunjo ndiyo hiyo hiyo iliyo mwishoni mwake. Ni karatasi moja iliyokunjwa. Mtu akinyofoa ukurasa wa mwezi wa tatu, ukurasa mwenzake wa upande wa pili unabaki bila mshiko na unaanza kutoka. Akikata kwa wembe ili mwenzake usitoke, kinabaki kipande cheupe kwenye mkunjo ambacho kila mtu anakiona. Kama kurasa zimeandikwa namba kuanzia siku ya kwanza, kutoka 1 hadi 160, basi mwizi wa ukurasa ameandika kosa lake mwenyewe. Na kwa sababu vikunjo vimefungana kama mnyororo, hawezi kutoa kikunjo kizima bila kukata uzi ambao kila mtu anauona mgongoni.

Kaye ya pini haina ulinzi huo. Pini zinafunguliwa kwa ukucha, karatasi mbili zinatolewa, pini zinakunjwa tena. Kitabu kilichobandikwa kwa gundi peke yake nacho kinaachilia karatasi moja moja wakati gundi imekauka, na hakuna anayeweza kusema kama ni joto ama ni mtu.

Kwa hiyo mshono si urembo. Katika kijiji ambamo hakuna benki wala mthibitishaji wa hati, kitabu cha kikundi ndicho shahidi. Shahidi anayeweza kunyamazishwa kwa ukucha si shahidi.

Maniema ya 1871

Maniema ina mfano wake wa jambo hili, na ni mfano mchungu. Mwaka wa 1871, Mwingereza David Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Karatasi zilikuwa zimemwishia na wino pia. Akaandika juu ya gazeti kuukuu la London, akipitisha maandishi yake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kutokana na rangi ya mimea ya hapo. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka huo, watu wenye bunduki waliwapiga risasi watu wa soko la Nyangwe. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza; wengi walizama mtoni wakikimbia. Livingstone aliandika jambo hilo juu ya karatasi zile mbovu.

Wino ule ulififia hadi maandishi hayakuweza kusomeka vizuri. Mwaka wa 2011, miaka 140 baadaye, watafiti walitumia picha za mianga mbalimbali na maneno yakaonekana tena. Walikuta kwamba maandishi ya wakati ule hayalingani katika yote na kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1874 baada ya kifo chake.

Somo liko wazi. Karatasi ya siku ile inasema mambo ambayo kitabu cha baadaye hakisemi. Lakini kuna somo la pili. Karatasi hizo hazikubaki Maniema. Zilihifadhiwa Uingereza, na zimebeba sauti ya mgeni. Akina mama wa soko la Nyangwe hawana kitabu chao kinachotaja majina yao. Kama kizazi cha leo hakitaki wajukuu kwenda kuuliza inchi nyingine kilichotokea hapa, kinapaswa kuwa na vitabu vinavyodumu, vilivyoandikwa na watu wa hapa, na vinavyokaa hapa.

Watakaopinga

Wengine watasema: mambo ya karatasi yamepita, leo kuna simu. Simu ni nzuri kwa yule aliye na umeme wa kuichaji na mtandao wa kutuma. Lakini simu inaibiwa, inaanguka majini, inakufa pamoja na yote yaliyo ndani yake, na haikai katikati ya watu ishirini ili kila mmoja aone jina lake. Mwenye simu apige picha ya kila ukurasa kila mwezi. Hiyo ni akili njema. Lakini kitabu chenyewe kiwepo.

Wengine watasema: serkali na mashirika yanapaswa kuleta rejista. Ni kweli, na mtu yeyote asitumie ufundi wa wakaaji kama sababu ya kuacha kutimiza wajibu huo. Rejista rasmi za ofisi ya hali ya raia zina sheria zake, na kitabu cha mkono hakiwezi kuchukua nafasi yake. Lakini sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka wa 2016 inawapa wazazi siku 90 za kutangaza mtoto aliyezaliwa. Kwa familia iliyo mbali na ofisi, siku hizo zinapita haraka. Kitabu imara cha mkunga, chenye tarehe, jina la mama na jina la kijiji, kinaweza kuwa msaada wa kwanza wa mtoto kabla ya kufika ofisini. Kisipokuwepo, mtoto anaanza maisha kwa kubahatisha tarehe yake.

Wengine, na hao wana haki zaidi, watasema kwamba mgongo wa mshono wa Kikopti uko wazi: vumbi linaingia, unyevu unaingia, mchwa haoni mlango uliofungwa. Ni kweli. Kitabu hicho kinataka kufungwa ndani ya kitambaa na kuwekwa katika kantini ya chuma, mbali na ukuta na mbali na udongo. Hakuna kitabu kinachoshinda mchwa kwa kushonwa tu. Lakini kaye ya pini nayo inaliwa na mchwa, na kabla ya kuliwa imekwisha kuvunjika.

Kazi ianzie wapi

Ianzie shuleni. Saa za kazi za mikono zipo katika mafundisho ya shule, na mara nyingi watoto wanazimaliza wakikata majani ya uwanja. Mwalimu mmoja akijua mshono huu, darasa lake moja linaweza kushona vitabu 12 kutoka pakiti moja. Vitabu vya kwanza, vile vilivyopinda, vibaki kwa watoto wenyewe kuwa kaye zao. Vile vilivyosimama sawa viuzwe kwa vikundi vya akiba kwa bei inayorudisha pesa ya karatasi na kuacha kitu kidogo cha kununua pakiti nyingine.

Ufundi ule ule unaokoa pia vitabu vya kusomea. Vile vilivyochapwa kwa vikunjo, uzi wao ukikatika, vinaweza kushonwa upya na kurudi darasani. Tangu masomo ya shule ya msingi yawe ya bure mwaka wa 2019, watoto wameongezeka darasani, na kila kitabu kinachookolewa kinasomwa na wengi.

Hospitali na vituo vya afya navyo vina mchango usio na gharama: makartoni matupu ya dawa. Leo mengi yanachomwa ama yanawasha moto wa jikoni. Yawekwe upande mmoja kwa ajili ya maganda ya vitabu.

Vikundi vya akiba viweke kanuni tatu ambazo hazihitaji pesa. Kitabu kishonwe, siyo kibanwe kwa pini. Kurasa zote ziandikwe namba mbele ya wanachama wote kabla ya kuandika neno la kwanza. Mwandishi na mweka hazina wasikae na kitabu nyumba moja na sanduku la pesa.

Wakuu wa jimbo huko Kindu hawaombwi kujenga kiwanda. Wanaombwa jambo moja: katika mafunzo ya walimu na ya vijana wanaotafuta ufundi, pamoja na useremala na ushonaji wa nguo, paongezwe ushonaji wa vitabu. Fundi wa nguo tayari ana sindano, uzi na mkono unaojua kuvuta bila kupasua. Kwake ni somo la siku mbili.

Pakiti moja ya karatasi, sindano kumi nene, kipande cha nta, na kartoni zilizotupwa. Hivyo vinaweza kufika Tunda wiki hii juu ya pikipiki moja. Mwezi wa tatu ujao, mama akisema amelipa, kikundi kifungue kitabu na kuangalia.